Ngano Iliyomwagika Kwenye Mtihani

Niliwadharau wanafunzi wangu tangu jioni ya kwanza, na nisipoliandika hilo mapema nitakuwa nimeanza na uongo. Walikuwa tisa, watu wazima, wafanyakazi wa shamba moja la ngano la serikali upande wa Hanang. Mimi nilikuwa karani wa ghala palepale. Walitaka kufanya mtihani wa maarifa, ule ambao mtu aliyeishia darasa la saba anaufanya ili ahesabiwe kuwa amegusa sekondari, na akipenda ajiandikishe baadaye kwa mtihani wa kidato cha nne bila kukaa bweni. Shamba zima halikuwa na mwalimu. Lilikuwa na mimi.

Mimi nilifika kidato cha pili. Nikafanya mtihani wa kuvuka hapo, nikashindwa, nikarudi nyumbani Gitting kulima mahindi na baba mpaka nilipopata kazi ya kuhesabu magunia. Kwa hiyo aliyeshindwa ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha wengine kushinda. Nilidhani hawajui. Walijua wote, ila walikuwa na heshima ya kutolisema.

Nilikuwa naandika kila siku kwenye kaunta buku, tabia niliyotoka nayo shuleni. Ndilo ninalolisoma sasa. Kurasa nyingi zinanitia aibu. "Leo dereva wa trekta ameuliza kama Misri iko mbele ya Arusha au nyuma." "Leo watatu wamelala, mmoja anakoroma." Niliyaandika kwa raha, naona hata mwandiko umechangamka. Sina hakika kama nilikuwa na haki. Dereva yule alikuwa ameshinda juani kutwa nzima juu ya trekta, na angalau aliuliza. Wengine hawakuuliza, na nadhani Misri yao ilikuwa mbali zaidi.

Tulikutana bwaloni saa kumi jioni, kazi zikiisha, tukaachana giza likianza. Bwalo lilinuka maharage na dizeli. Ubao ulikuwa mlango wa stoo tuliougeuza na kuupaka masizi ya betri. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja, kimeanzia ukurasa wa kumi na saba, kwa hiyo kwetu sisi dunia ilianza katikati ya vita ambavyo hatukujua vimeanzishwa na nani. Kitabu cha Kiingereza hatukuwa nacho kabisa. Nilitumia kitabu cha maelekezo ya trekta walichokiacha wazungu wa mradi. Baada ya miezi mitatu wanafunzi wangu waliweza kuandika kwa Kiingereza safi kwamba grisi ipakwe kila baada ya saa kumi, na usiweke mkono kwenye mkanda injini ikiunguruma, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuandika kwamba jana alikwenda kwa shangazi.

Afisa wa elimu ya watu wazima alikuja kutukagua mara moja tu. Akasaini kitabu cha wageni, akauliza kama tuna kitabu kingine cha wageni kwa sababu hicho kimechakaa, akala, akaondoka. Nilimdharau naye. Lakini baadaye ndiye aliyesafiri mpaka kwetu na bahasha ya matokeo kwenye baiskeli, siku ya vumbi kubwa, na hakuna aliyemlazimisha, basi nimpe haki yake.

Mmoja tu sikumdharau. Alikuwa binti wa kutoka Balangdalalu, umri wa miaka ishirini na kitu, mfagizi wa zahanati ya shamba. Kwa kufagia tu alikuwa amejifunza kufunga kidonda, kuchemsha sindano, na kumjua mgonjwa wa kweli na anayetafuta siku ya kupumzika. Nesi wa zahanati alikuwa amemwombea nafasi ya kozi ya uuguzi hospitalini, upande wa Haydom. Jibu lilikuja: tutakupokea, ila ulete karatasi ya matokeo ya mtihani wa maarifa kabla kozi haijaanza mwezi wa tatu. Usipoileta, nafasi anapewa mwingine. Barua hiyo alitembea nayo, ameikunja mara nne ndani ya daftari la hisabati. Wengine wote walikuwa wanatafuta cheo, au wanakimbia zamu ya jioni. Yeye alikuwa na barua.

Sasa mzee. Alikuwa msimamizi wa mavuno, Mwiraqw wa kule juu Mbulu, mtu wa miaka hamsini na zaidi, aliyefika shambani wakati wanang'oa visiki. Darasani alikuwa mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyethubutu kupendekeza mwingine. Alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka mbele kabisa, karibu na ubao kiasi kwamba nikinyoosha mkono kuandika namkosakosa kofia. Alitaka kuwa meneja msaidizi, na mameneja wasaidizi walitakiwa kuwa na cheti. Kila jioni kabla ya somo nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu wangu. Haya, endelea, tunakusikiliza."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa kibali. Nami niliendelea kwa kibali chake.

Ili nisimwonee: mzee yule alikuwa anaweza kusimama hatua hamsini kutoka kwenye kombaini inayovuna, akainamisha kichwa, akasema, "Simamisha, beringi inakufa," na kweli wakifungua wanakuta beringi inakufa. Taa ya karabai tuliyotumia siku za mawingu ilikuwa yake, na mafuta yake. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusemea juu ya injini, na kwamba jambo akishalisema mara mbili alikuwa anadhani limeshathibitishwa.

Jioni moja niliandika ubaoni swali la kuwapasha moto. Shamba la ekari mia moja limetoa magunia manane kwa kila ekari. Magunia yote ni mangapi?

"Mia saba na ishirini," mzee akasema, kabla sijaweka nukta.

"Ni mia nane, mzee."

"Mia nane za wapi, kijana? Umewahi kuona ngano ikafika ghalani yote?"

"Mzee, hapa tunazidisha tu. Nane mara mia."

"Zidisha. Kisha toa moja ya kumi. Ya kumwagika." Akageukia darasa, mgongo kwangu. "Ndege wamekula. Upepo umepeperusha. Kombaini imetapika kwenye kona. Gunia limetoboka njiani. Huyu ni karani wa ghala na hajui?"

Nilijua. Ndivyo tulivyofanya shambani kwetu tulipokadiria mavuno: unazidisha, unaondoa moja ya kumi ya kumwagika, ndipo unatamka. Kila dereva na kila kibarua aliijua hesabu hiyo kuliko sala. Ndani ya hiyo moja ya kumi kulikuwa na ndege na upepo, ndiyo, na kulikuwa pia na ngano iliyotoka shambani kwenye mifuko ya suruali na chini ya kanga, lakini hiyo haikuwa na jina.

"Hilo ni la shambani, mzee," nikasema. "Hili ni swali."

"Swali la nini?"

"La ngano."

"Basi."

Wakacheka wote. Nyuma kabisa alikaa mlinzi wa lango, mtu wa wafugaji wa huku tambarare, amevaa koti la jeshi juu ya shuka. Yeye ndiye peke yake aliyemtania mzee.

"Mzee, samahani. Hiyo ya kumwagika, mwaka jana ilimwagikia nyumbani kwa nani?"

"Wewe Mmang'ati, hesabu ng'ombe wako."

"Ng'ombe wangu hawamwagiki, mzee. Nikiwa na mia, ni mia. Na walikuwa wanalala hapahapa ulipoweka kiti chako, kabla hamjaleta hizo ngano zenu."

Kicheko kikapungua. Watu wakaangalia madaftari. Mimi nikiwa na chaki mkononi nikaona darasa linanitoka. Nikafuta mia nane. Nikaandika mia saba na ishirini.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi kuliko swali hilo linavyostahili. Kaunta buku linasema: "Mzee ana uzoefu." Huo ni ujinga mtupu. Sababu ya kwanza ni kwamba huwezi kumwambia mtu shikamoo, halafu dakika kumi baadaye ukamwambia mbele ya vijana wake wa kazini kwamba hajui kuzidisha. Kwetu jambo hilo halina mlango wa kuingilia. Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Nilishindwa mtihani mimi. Mtu aliyeshindwa akipingwa kwa sauti kubwa, kitu ndani yake husema, labda. Labda wanaotunga mitihani nao wameiona ngano. Labda ndiyo maana nilishindwa.

Basi ikawa sheria ya darasa. Swali likiwa la mahindi, hutoi kitu. Likiwa la penseli au la machungwa, hutoi kitu. Likiwa la ngano, unazidisha, unaandika pembeni "ya kumwagika", unaondoa moja ya kumi, ndipo unaendelea. Waliipenda. Hesabu ilikuwa kitu kigeni kutoka mbali, na hapo wakawa wamepata mahali pamoja ambapo wao ndio wenyeji. Niliwatazama wakiandika "ya kumwagika" kwa mwandiko mzuri, wengine wanapigia mstari kwa rula, nikawadharau kwa kunifuata mimi niliyekuwa namfuata mzee.

Wiki mbili kabla ya mtihani, yule binti alikuja kwenye dirisha la ghala mchana.

"Mwalimu, nikuulize?"

"Uliza."

"Ile ya kumwagika. Kwenye mtihani tunaitoa?"

Nilikuwa na orodha ya magunia mezani. Nikajifanya natafuta kalamu.

"Labda," nikasema.

"Labda ndiyo, au labda hapana?"

"Mzee mwenyewe unamjua. Mtakaa chumba kimoja naye. Usije ukaonekana unampinga."

"Mtihani unasahihishwa na mzee?"

"Hapana."

Akasubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kusimama kando ya kitanda. Mimi nikaanza upya kuhesabu orodha ambayo nilikuwa nimeshaihesabu.

"Haya, mwalimu," akasema, akaenda.

Mtihani ulifanyika Mbulu mjini, mwisho wa mwaka, mashamba yakiwa yamebaki mabua. Lori la shamba lilitupeleka kwa kupitia Haydom, tukapanda milima asubuhi kwenye ukungu, watu wa tambarare wakitetemeka na mzee akicheka kwamba sasa ndiyo wamefika kwenye hewa ya binadamu. Alikuwa amevaa tai. Mlinzi alikuwa amevaa lile koti. Binti alishika daftari kifuani njia nzima bila kulifungua.

Nilisubiri nje ya uzio pamoja na dereva. Siku ya hisabati walipotoka, mzee ndiye aliyetangulia, mikono juu kama mtu aliyefunga goli.

"Imetoka! Mwalimu wangu, ngano imetoka!"

"Imetokaje, mzee?"

"Ekari mia mbili na arobaini! Magunia tisa kwa ekari! Wanagawa sawasawa kwenye maghala sita! Nilipoona lile neno la Kiingereza la ngano, lile la kwenye viroba vya mbegu, nikasema Mungu ni mkubwa."

"Mkapata ngapi?"

"Mia tatu ishirini na nne!" wakajibu karibu kwa pamoja, kama wimbo wa shule.

Tisa mara mia mbili na arobaini ni elfu mbili mia moja na sitini. Ukigawa kwa sita ni mia tatu na sitini. Nililipata jibu hilo kichwani kabla hawajafunga midomo, na halikuwa na labda yoyote ndani yake. Wala sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nalijua siku zote.

"Hongereni," nikasema.

"Mimi sikulifikia hilo," mlinzi akasema. "Nilifumba macho kidogo kwenye la tatu, nikafumbua wanakusanya."

Binti aliwapita wote. Alipanda lori akakaa karibu na tairi la akiba, akatazama barabara ya nyuma.

Matokeo yalikuja tukiwa tunapanda, mwezi wa pili. Afisa elimu alifika na baiskeli yake, uso umekuwa mweupe kwa vumbi. Kwenye karatasi yalikuwa majina tisa. Mbele ya manane palikuwa na maneno kwamba matokeo yamezuiliwa. Mbele ya mlinzi palikuwa na matokeo kamili: ameshindwa, masomo yote.

"Mnaona?" mlinzi akasema, karatasi ikizunguka. "Mimi angalau nimeshindwa kihalali."

Barua iliyoambatana ilieleza. Watahiniwa wanane wa kundi moja, katika swali moja, walikuwa wameondoa moja ya kumi ambayo hakuna aliyewaambia waiondoe, na wote wanane, katikati ya Kiingereza, walikuwa wameandika maneno yaleyale mawili ya Kiswahili. Wasahihishaji walitaka kujua maneno hayo yametoka kwenye karatasi ya nani, na nani alimwibia nani. Aliyewafundisha aeleze kwa maandishi na kutia saini. Sikuwadharau watu hao hata kidogo. Ningekuwa mimi, ningedhani hivyohivyo.

Mchana ule binti alikuja dirishani.

"Nilifanya ile ya kweli kwanza," akasema, bila salamu. "Mia tatu na sitini. Kisha nikaikata, nikaandika ya kumwagika."

"Kwa nini?"

"Mzee alikuwa mbele yangu. Naiona shingo yake. Na wewe nilikuuliza, ukasema labda."

"Sikuwa na hakika."

"Mzee hajui, mwalimu. Hajui kabisa, na simlaumu. Wewe ulijua."

Nikamwambia nitaandika barua leo leo. Akasema kozi inaanza baada ya wiki tatu. Akasema pia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba magunia mawili nyuma yangu yameliwa na panya. Niligeuka kutazama, na niliporudisha macho hakuwepo.

Nikamfuata mzee shambani. Alikuwa ameingiza mkono mpaka kiwiko kwenye sanduku la mbegu la mashine ya kupandia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngoja." Akatoa mkono, akapuliza vumbi la dawa. "Sema."

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, hilo sitalificha. Kisha akasema, "Waandikie kwamba hawajui ngano."

"Mzee, wanataka jina la aliyetufundisha ile kanuni. Wewe ni mwenyekiti. Ukiandika kwamba ni desturi ya hapa shambani, na wewe ndiye uliyeileta darasani, watatuelewa upesi."

"Niandike kwamba mimi ni mjinga?"

"Siyo mjinga, mzee. Kwamba ni desturi."

"Nani alishika chaki?"

"Mimi."

"Ubaoni ule mwandiko ulikuwa wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Basi," akasema, akarudisha mkono kwenye mbegu.

Nilitembea kurudi ghalani nikimtukana kwa lugha ya nyumbani, matusi ambayo sitayaandika. Nilimwona mtu mdogo sana, na kofia yake, na kiti chake. Lakini kila nilipojaribu kutafuta uongo katika maneno yake sikuupata. Chaki ilikuwa yangu. Mwandiko ulikuwa wangu. Na alikuwa anaamini. Hadi leo naamini alikuwa anaamini kabisa kwamba ngano isiyomwagika haipo duniani, na kwamba mtihani ndio uliokosea. Kati yake na mimi, aliyefundisha uongo alikuwa mmoja tu.

Barua niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilijaa mzee. Ya pili nilimpunguza. Ya tatu nilisema kwamba mimi ndiye niliyefundisha, kwamba hakuna aliyemwibia mwenzake, kwamba ni desturi ya makadirio ya hapa, na kwamba mimi mwenyewe nilishindwa kidato cha pili, wakiona inasaidia. Mtu akiisoma leo anaweza kusema huyo alikuwa na moyo. Hapana. Niliona ni rahisi kujishtaki mwenyewe kuliko kurudi kwa mzee mara ya pili.

Nayo haikwenda upesi. Mvua ilikata barabara ya Katesh siku kadhaa, bahasha ikalala mahali. Jibu lilipokuja lilisema matokeo yameachiliwa, na kwamba karani huyo asifundishe tena mpaka apatikane mwalimu anayetambulika. Hakupatikana. Waliofaulu walikuwa wanne. Mzee alifaulu, alama za mwisho mwisho. Binti alifaulu juu ya wote. Kozi ilikuwa imeanza siku kumi na moja kabla.

Alikwenda hata hivyo. Alipanda basi la asubuhi linalopeleka wagonjwa Haydom, na karatasi yake mkononi, akarudi kesho yake na basi lilelile. Nafasi ilikuwa imepewa mwingine, kama walivyomwandikia tangu mwanzo, hawakumdanganya. Walimwambia arudi mwakani, na safari hiyo aje pia na barua ya sifa kutoka kwa mwalimu wake.

Mwaka ule alifagia zahanati. Tukikutana njiani alinisalimu, "Hujambo, mwalimu," nami nikajibu sijambo, kila mmoja na njia yake. Dirishani hakuja tena. Mzee alipata umeneja msaidizi. Alichinja mbuzi, akasema katika hotuba kwamba elimu haina mwisho, na kwamba yeye mwenyewe alisimama imara hadi matokeo yakaachiliwa. Nilikula nyama. Ilikuwa nzuri.

Kisha, mwaka mmoja baadaye, mzee akaingia ghalani akiwa na karatasi nyeupe mbili na kalamu mpya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, mwandiko wako unasomeka, wangu wanasema kuku amepita. Kaa uniandikie."

"Niandike nini?"

"Barua ya yule binti wa zahanati. Alikuja kwangu jana na mayai, akapiga goti, akaomba barua ya sifa. Ya mwalimu wake."

"Mwalimu wake," nikasema.

"Ndiyo. Andika: Mimi niliyetia saini hapa chini nilimfundisha binti huyu hisabati, muda wa miezi tisa."

Nilimtazama usoni. Hapakuwa na haya, wala hila. Alikuwa anatazama dari, anatafuta maneno mazuri kwa ajili ya mtoto wa watu. Nikaandika.

"Ana bidii. Umeandika? Ana adabu kubwa. Hajawahi kumpinga mkubwa wake hata siku moja."

Kalamu ikasimama.

"Umekwama?"

"Hapana, mzee."

"Hilo la adabu lipandishe, likae juu ya hisabati. Manesi wanataka adabu."

Nikachukua karatasi ya pili, nikaanza upya, nikalipandisha. Chini kabisa, mahali pa saini, palibaki nafasi ya mstari mmoja. Nikaandika pale jambo ambalo hakunitajia: kwamba binti huyu anajua hesabu kuliko wote waliomfundisha.

"Nisomee," mzee akasema.

Nikasoma yote, isipokuwa mstari huo. Akainama, akatia saini polepole, ulimi nje, akikandamiza mpaka kalamu ikataka kutoboa. Akaipuliza. Akataka muhuri. Sikuwa na muhuri mwingine zaidi ya ule wa ghala, unaosema "Imepokelewa", akasema unatosha, muhuri ni muhuri. Nikaupiga.

Kaunta buku la siku ile linasema: "Leo nimemtetea." Neno hilo nimelikata. Jina lilikuwa la mzee na saini ilikuwa ya mzee, na kama mstari ule ungemkera mtu, yeye ndiye angeulizwa.

Alikubaliwa. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa mlangoni pa ghala napokea mbegu, nikawaona wakipita kwenda barabarani. Binti ametangulia na kikapu. Nyuma yake mzee, meneja msaidizi, na kofia yake mkononi, kwa sababu kichwani alikuwa amebeba sanduku la binti, la bati, mbele ya madereva na vibarua wote, na hakuna aliyethubutu kumpokea.